Ngumu kama ngozi: jani, uyoga na nyama (Somo la biolojia)



Kila mara mu gazeti letu kunakuwa nafasi ya somo moja. Safari hii sisi wa kalasi ya mwisho tumechagua jambo lenye kuonekana ndogo: vitu vyenye kufanana na ngozi wakati unavigusa. Jani la muembe, uyoga ya muti mukavu, mugongo wa mamba, bawa la panzi. Mwingine atauliza: «Faida yake nini?» Faida tutaionyesha kwa kuanza na kosa letu wenyewe, sababu bila kosa ile hatungeandika somo hili.

1. KOSA LETU

Wakati wa mvua uliopita, siku moja ya posho, wadogo wane wa bweni walienda kutafuta uyoga nyuma ya uwanja wa mupira. Walirudi na namna mbili. Ya kwanza waliitoa kwenye shina la muembe uliokatwa: midogo midogo, myeupe ya kijivu, yenye manyoya juu, bila muguu, sawa kipepeo kidogo cha kupepea moto. Ya pili waliipata mu majani ya uwanja: mikubwa sawa sahani, myeupe, laini, yenye muguu murefu na pete kwenye muguu.

Walikuja kutuuliza sisi wakubwa. Moja wetu akakamata ile ya muti, akaivuta kwa mikono mbili. Haikupasuka. Basi tukasema kwa kicheko: «Hii iko ngumu sawa kiatu, tupa. Ile laini njo ya kula.» Wadogo walitii. Walitupa ile ngumu, wakapika ile laini, wakakula.

Saa tatu hazikupita, wakaanza kutapika na kuhara, na ilikuwa vile usiku muzima. Muganga wa masomo aliwanywesha maji yenye sukari na chumvi, kidogo kidogo, mpaka asubuhi. Siku ya pili walikaa wamelala. Tunamushukuru Mungu, wote wane wako wazima leo. Lakini mama mupishi alipokuja kufagia, aliokota ile uyoga tuliyotupa, akaitia mu mukono, akatuangalia: «Ninyi watu wa masomo! Chakula mumetupa, sumu mumekula.»

Neno lile lilituuma. Tulikuwa na kaye zimejaa biolojia, kumbe kwa kupima uyoga tulitumia tu vidole. Tukaenda kwa mwalimu na kwa vitabu, na sasa tunawaletea yale tuliyojifunza.

2. NENO LENYEWE

Mu kitabu cha Kifaransa jani gumu la namna hii linaitwa «coriace». Neno lile limetoka mu Kilatini, corium, maana yake ngozi. Kwa hiyo wenye elimu ya mimea, wenye elimu ya uyoga na wenye elimu ya nyama wote wanatumia neno moja, na wote walilikopa kwa watu wa kutengeneza viatu na mikaba.

Kitu chenye kuwa kama ngozi kiko na tabia tatu:

a) Kinakunjika bila kuvunjika. Kijiti kikavu kinavunjika; mukaba unakunjika.

b) Hakipasuki mbio. Karatasi ukiianza kwa ukucha, inaendelea kupasuka yenyewe, ngozi inakataa.

c) Hakilegei mbio kwa jua. Jani la matembele ukilichuma asubuhi, saa sita limekuwa sawa kitambaa chenye maji. Jani la muembe lingali linasimama.

Tabia hizi zinatoka wapi? Angalieni kitunga au mukeka. Uzi moja wa mukeka ni muzaifu, lakini nyuzi zikipita juu na chini ya zingine, mukeka unabeba muntu. Kitu cha namna ya ngozi kimejengwa vile: nyuzi ndogo sana, ndefu, zenye kupitana njia zote, na kati ya nyuzi kitu cha kuzishikamanisha, na tena kitu cha kuzilainisha ili ziteleze kidogo wakati unakunja. Kumbukeni neno hili la kuteleza. Ngozi ina nguvu juu ya nyuzi zake, lakini inabaki ngozi juu nyuzi zile zinaweza kuteleza.

Sasa jambo la kushangaza: mimea, uyoga na nyama wamefika wote ku jibu lile moja, lakini kila moja na uzi wake. Nyama anatumia kolajeni. Mumea unatumia selulozi. Uyoga inatumia kitini. Mukono wako unasema: «Ni kitu kimoja.» Lakini ni vitu vitatu.

3. JANI

Tuchukue jani la muembe, juu kila mutu analo karibu. Juu kabisa liko na ngozi nyembamba yenye nta, tunayoiita kutikula. Ndiyo sababu tone la mvua linateleza juu yake. Chini ya kutikula kuna seli zenye kuta nene za selulozi, na kandokando ya mishipa kuna nyuzi zenye lignini, kitu kile kinachofanya mbao kuwa ngumu. Matundu ya kupumua, yaani stomata, yako upande wa chini wa jani, mbali na jua.

Kazi ya yote hii ni nini? Ya kwanza ni kuchunga maji. Wakati wa jua kali, miezi inapita bila mvua, lakini muembe unabaki na majani yake. Ya pili ni kujilinda: mududu mwenye meno madogo anachoka mbele ya jani gumu.

Lakini ngozi ile haipatikani bure. Muti unatumia vitu vingi kujenga jani moja la namna hii. Ni sawa muntu anayenunua viatu vya ngozi: bei ni kali, kwa hiyo anataka vidumu. Jani la muembe linaweza kuishi zaidi ya mwaka moja. Matembele inafanya njia ingine: majani mengi, ya bei ndogo, yenye kukua mbio na kufa mbio. Mu mwaka wa 2004 wachunguzi wa inchi nyingi walikusanya hesabu za namna zaidi ya 2.500 za mimea ya dunia nzima, wakaona sheria ile inasimama karibu pahali pote: jani nene na gumu linaishi siku nyingi, jani jembamba na laini linaishi siku kidogo.

Tena angalieni muembe wakati unatoa majani mapya. Majani yale yako mekundu-mekundu, laini, yananing'inia chini sawa yamechoka. Wakati ule ndio wadudu wanayapenda zaidi. Kiisha majuma machache yanakuwa ya kijani, yanasimama, yanakuwa ngozi. Hakuna jani la muembe linalozaliwa gumu.

4. UYOGA

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo linarudi kila mwaka mu eksame. Uyoga si mumea. Haina kijani, haiwezi kutengeneza chakula chake kwa mwangaza wa jua. Mu mwaka wa 1969, Whittaker, mwenye elimu wa Marekani, aliweka viumbe mu falme tano, na uyoga ikapata ufalme wake yenyewe. Kiisha, tangu miaka ya 1990, uchunguzi wa molekuli ulionyesha kama uyoga iko karibu na nyama kuliko na mimea.

Ushahidi moja muko nao mu mikono: kitini. Kitini ndio uzi wa uyoga, na ndio vilevile uzi wa ngozi ya wadudu. Kamateni panzi. Mabawa yake ya mbele ni nyembamba lakini magumu, yanakunjika sawa ngozi, na kazi yao ni kufunika mabawa ya nyuma ambayo ni laini na ya kurukia. Mende vilevile. Kwa hiyo bawa la panzi na uyoga ya muti mukavu viko na uzi wa jamaa moja.

Sasa ile uyoga tuliyotupa. Jina lake la elimu ni Schizophyllum commune. Inaota juu ya miti iliyokufa karibu dunia nzima, isipokuwa inchi za barafu za Antarktika. Ukiigeuza, utaona chini mistari sawa mabega ya kitabu kilichofunguliwa, na kila mustari umepasuka katikati kwa urefu. Ndiyo maana ya jina: jani lililopasuka. Wakati wa jua, nusu mbili za kila mustari zinajikunja na kufunika pahali pa kutoa mbegu. Wakati wa mvua zinafunguka tena, na kazi inaendelea.

Hapa tunaona ngozi inasaidia uyoga namna gani. Uyoga laini ina siku mbili ao tatu tu: inatoka, inatoa mbegu, inaoza, funza wanaingia. Ile ya ngozi inakauka bila kufa, inangojea, mvua inarudi, inaamuka. Mu mwaka wa 1911 muchunguzi moja, Buller, alikausha uyoga ya namna hii na kuifungia mu chupa ndogo bila hewa. Kiisha kama miaka 50 iliwekwa mu maji, ikafunguka na kutoa mbegu tena.

Na ndiyo sababu ya tatu mama mupishi alikasirika. Mu inchi za joto, kitu chenye kuoza mbio ni hasara. Uyoga ya namna hii inaweza kukaushwa na kuchungwa, kuuzwa ku soko, kuliwa wakati mvua imekwisha. Watu wengi wa Kongo na wa inchi zingine za Afrika wanaikula. Ni kweli, inataka moto wa muda murefu na meno ya kufanya kazi. Wamama wanaichemsha sana, kiisha wanaitia karanga za kutwanga. Ugumu wake haukuwa alama ya sumu. Ilikuwa tu alama ya kitini.

Na ile laini? Mwalimu aliangalia kipande kilichobaki mu sahani. Mistari ya chini ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kijani-kijivu. Alituambia jina lake: Chlorophyllum molybdites. Inapenda majani mafupi ya viwanja na bustani, mu inchi za joto nyingi. Ikiwa changa, mistari yake ya chini iko bado myeupe, na inafanana na uyoga mizuri ya kula. Inadanganya kabisa.

5. NYAMA

Ngozi ya nyama ina sehemu mbili. Ya juu ni nyembamba, inaisha na seli zilizokufa zenye keratini, kitu kimoja na kucha na nywele. Ya chini ni nene, imefumwa na kolajeni. Fundi wa viatu anakwangua ile ya juu pamoja na manyoya, anabakisha ile ya chini. Ngozi ya kiatu ni ile.

Uzi wa kolajeni umesokotwa sawa kamba ya nyuzi tatu. Kati ya proteini zote za mwili wa nyama ya kunyonyesha, karibu sehemu moja juu ya tatu ni kolajeni: mu ngozi, mu mishipa ya kufunga mifupa, mu mifupa yenyewe. Supu ya miguu ya ng'ombe ikipoa inaganda sawa gundi. Ile ni kolajeni iliyoyeyuka mu maji ya moto. Hapa kuna tofauti kubwa kati ya nyuzi zetu tatu. Kolajeni inalegea ukiipika muda murefu mu maji. Selulozi na kitini haziyeyuki vile. Kwa hiyo mbuzi muzee anaweza kuwa laini mu nyungu, lakini jani la muembe utalichemsha mpaka makala yaishe.

Kila nyama anatumia ngozi kwa kazi yake:

Kiboko anayo ngozi yenye kufika karibu sentimita 5 pahali pengine. Lakini jua linaikausha mbio, na ndiyo sababu muchana anakaa ndani ya maji.

Tembo hatoki jasho mwili muzima sawa sisi. Ngozi yake imepasuka mistari midogo midogo isiyo na hesabu. Uchunguzi uliotolewa mu 2018 ulionyesha kama mistari ile inashika maji mara 5 mpaka 10 kuliko ngozi ya sawasawa. Tembo akioga, maji yanabaki mu mistari na kumupoza polepole. Yale tuliyodhani ni ubovu wa ngozi ni vyombo vya maji.

Mamba anayo mifupa midogo chini ya magamba ya mugongo. Kwa hiyo watengenezaji wa mikoba wanapenda ngozi ya tumbo, juu ile ya mugongo haikunjiki vizuri.

Chatu anataga mayai yenye ganda la namna ya ngozi. Yai la kuku ni chokaa, likianguka, kwisha. Yai la chatu ukilifinya linabonyea, halivunjiki.

Na mu bahari kuna kobe moja mukubwa kuliko kobe wote, Dermochelys coriacea. Mumeona jina: neno lile lile la ngozi. Anaweza kupita kilo 500. Hana ganda gumu la vipande vikubwa sawa kobe wengine. Mugongo wake umefunikwa na ngozi juu ya mifupa midogo midogo. Anazama zaidi ya metre 1.000, pahali maji yanafinya kwa nguvu ya kutisha, na mugongo unaokunjika unamusaidia. Pwani za Gabon ni moja ya pahali pakubwa pa dunia ambapo anataga mayai.

6. MUTI UNATENGENEZA NGOZI

Hapa mimea na nyama wanakutana. Ngozi mbichi ya mbuzi ukiiacha, inaoza. Ukiikausha tu, inakuwa sawa ubao. Tangu zamani watu waliona kama ukiiloweka mu maji yenye maganda ya miti fulani, haiozi tena, na inabaki yenye kukunjika. Maganda yale yako na tanini. Tanini inakamata nyuzi za kolajeni, inafukuza sehemu ya maji yaliyokuwa kati yao, na vidudu vya kuozesha haviwezi tena kuzila. Leo viwanda vingi vinatumia chumvi za kromi, lakini njia ya maganda haijakufa.

Muti hautengenezi tanini juu ya viatu vyetu. Unaitengeneza kwa kujilinda na wenye kuula. Mumeionja tayari: ndizi mbichi, chai nzito bila sukari, jani la pera. Kinywa kinakuwa kikavu na ulimi unakwaruza. Ni tanini inakamata proteini za mate yako. Kazi inayofanyika mu pipa la fundi wa ngozi inafanyika kidogo mu kinywa chako.

7. WAKATI NGOZI INASAHAU KUTELEZA

Turudi ku neno letu la kuteleza. Ngozi inakaa nzuri wakati kati ya nyuzi zake kuna kitu cha kulainisha, maji ao mafuta. Vikitoka vyote, nyuzi zinashikamana, na ngozi inavunjika ukiikunja. Kwa hiyo viatu tunavipaka mafuta, na kiatu kilicholoa hatukiweki karibu na moto.

Lakini ngoma ya kwaya yetu ni jambo lingine. Ngozi yake haikupita mu tanini. Ni mbichi iliyokaushwa tu. Wakati wa mvua inakunywa maji ya hewa, inalegea, sauti inakufa. Ndiyo sababu asubuhi ya siku ya Mungu wapiga ngoma wanaiweka kwanza karibu na moto mudogo: maji yanatoka, ngozi inajivuta, sauti inarudi. Wakizidisha moto, inapasuka. Tuliona ile mwaka jana, hatutasema nani.

Sasa someni Matayo 9:17, mufano wa viriba na divai. Wengi tulikuwa tunausoma bila kujua kiriba ni nini. Kiriba ni ngozi nzima ya mbuzi, iliyofungwa kuwa chombo. Divai mpya ingali inachacha na inatoa gaz. Kiriba kipya kinanyooka, kinaipa nafasi. Kiriba cha zamani kimekwisha kunyooka mwisho wake, kimekauka, nyuzi zake haziteleze tena. Gaz inakuja, kiriba kinapasuka, divai inamwangika. Bwana wetu alisema na watu waliojua vitu hivi kwa mikono yao.

Na sisi tulipomuambia mudogo «hii ngumu, tupa», tulikuwa kiriba cha zamani. Tulikuwa na sheria moja kavu, na jambo jipya lilipoingia, sheria ikapasuka, na walioumia ni wengine.

8. BASI, MUKONO UNAJUA NINI?

Mukono unajua kama kitu ni kigumu ao laini. Ule ujuzi ni wa kweli, na tumeona namna ugumu wa ngozi unaeleza mambo mingi: maji, meno, siku za kuishi. Lakini mukono haujui sumu. Kwa hiyo tunaomba kila mutu wa bweni ashike maneno haya:

Uyoga laini inaweza kuwa ya sumu, na inaweza kuwa chakula. Uyoga ngumu vilevile. Rangi haitoshi. Kusema «funza wameikula, basi ni nzuri» haitoshi. Kuipika haikuwaokoa wandugu zetu. Njia ni moja: kuijua ile uyoga yenyewe, kwa jina lake na kwa alama zake zote, kwa kufundishwa na muntu anayeijua na ambaye ameikula miaka mingi. Kama hakuna wa namna ile karibu, tuache.

Kama mutu amekwisha kula na anaumwa, apelekwe kwa muganga mara moja, na kipande kilichobaki kichungwe kwa kuonyesha. Tena musidanganyike na ugonjwa wenye kuchelewa. Wadogo zetu walianza kutapika mbele ya saa tatu kupita. Kuna uyoga ingine ambayo ugonjwa wake unaanza saa sita ao zaidi kiisha kula, muntu anapata nafuu kidogo na kusema «nimepona», kumbe ini lake linaharibika. Ile ndiyo yenye kuua zaidi.

9. MAJARIBIO YA KUFANYA

Jaribio la kwanza. Chuma jani moja la muembe lililokomaa, jani moja jekundu changa la muembe, na jani moja la matembele. Viweke juu ya meza yenye jua kuanzia asubuhi. Kila saa andika mu kaye namna vinavyoonekana. Kunja kila moja.

Jaribio la pili. Chuma majani mbili ya muembe ya ukubwa moja. Moja lipake mafuta ya kujipaka upande wa juu, lingine upande wa chini. Funika pia kidonda cha shina lao na mafuta. Yaning'inize ndani ya nyumba siku chache. Lipi linakauka mbele? Eleza kwa kutumia neno stomata.

Jaribio la tatu. Tafuta juu ya muti mukavu uyoga ya ngozi iliyokauka. Iangalie chini, ichore. Iweke mu kopo ya maji, iangalie tena kiisha saa chache. Jaribio hili ni la macho, si la kinywa. Nawa mikono.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja uzi wa mumea, wa uyoga na wa nyama.
2. Sababu gani supu ya miguu inaganda, lakini maji ya sombe hayagandi?
3. Bawa la panzi na uyoga ya muti mukavu vina undugu gani?
4. Sababu gani ngoma inalegea wakati wa mvua, lakini kiatu hakilegei sana vile?
5. Mudogo wako anakuja na uyoga mu mukono, anakuuliza. Utamujibu nini?

Swali la tano halina alama mu eksame ya Taifa, lakini sisi tulilikosa. Siku ile ya jumatatu tulienda kwenye vitanda vya wale wane, tukaomba radhi mbele ya bweni nzima. Mudogo kuliko wote alituuliza tu: «Na ile ya muti, tuiokote tena?» Tukamujibu: «Tumuulize kwanza mama mupishi.»

Wanafunzi wa kalasi ya mwisho